Nani Aliondoka Changamwe?

Siku ile ya Changamwe naikumbuka kuliko siku ya arusi yangu, mwanangu, maana ndiyo siku ambayo nusura arusi yenyewe isiwepo.

Uhuru ulikuwa unakaribia, na mwambao mzima tulikuwa watu wa kushukiana. Ukimuona jirani anapanga masanduku, unajiuliza kwa nini anaondoka. Akiyapangua, unajiuliza kwa nini anabaki. Shangazi yangu Mwanakombo, aliyenilea hapa Kisauni baada ya mama kufariki, hakuhitaji siasa kumfundisha kushuku. Alikuwa akinusa hata maziwa aliyoyakamua mwenyewe. Nimeirithi tabia hiyo, usinicheke.

Nilikuwa nimeposwa na Salim, kijana wa Likoni aliyekuwa akiuza katika duka la mjomba wake huko Voi. Nilimpenda sana, ingawa siku zile msichana hakulitamka neno hilo mbele za watu. Siku hiyo mimi na Shangazi tulipanda gari la moshi kwenda Mazeras kumtazama mgonjwa. Tulipofika stesheni ya Changamwe tukakuta gari jingine limesimama kwenye reli ya pili, latoka bara, dirisha lake limekabiliana na letu. Nikatazama, moyo ukaruka. Salim alikuwa pale, na mama yake yuko kando yake.

"Shikamoo, Shangazi!" Salim akamwamkia.

"Marahaba, baba," akajibu Shangazi, kisha yeye na mama Salim wakaanza kujuliana hali. Nawe wajua, kwetu hali haziulizwi kwa haraka. Walikuwa bado kwenye afya za watoto, mara lile gari la kina Salim likaanza kuteleza, polepole, bila kishindo. Dirisha lao likatupita, mama na mwana wametukodolea macho wala hawasemi neno. Wakapotea.

Shangazi akashusha ukaya wake wa kichwani ukamfunika uso. "Wameondoka bila kuaga," alisema.

Labda kwenu nyinyi vijana si kitu, mnakata simu katikati ya neno. Kwetu anayeondoka ndiye anayeaga. Anayebaki husubiri kuagwa, kisha humwombea mwenziwe salama ya njia. Kumwacha mtu mzima katikati ya salamu ni kumwambia kwamba si kitu. Njia nzima hadi Mazeras sikuinua uso. Nilihisi nimeachwa, na nilianza kushuku mengi: pengine Salim amepata mwingine huko Voi, pengine mama yake hakunitaka tangu mwanzo.

Tuliporudi, Shangazi alimwita Maalim Athmani, jirani yetu aliyesomesha elimu ya falaki, yaani mwendo wa jua, mwezi na nyota. Alitaka apeleke ujumbe Likoni kwamba posa imevunjika. Mimi niko nyuma ya pazia nalia. Maalim hajamaliza kahawa yake, hodi! Mama Salim mwenyewe, amekasirika kuliko sisi.

"Bi Mwanakombo, nimekuja unambie kosa letu," alisema kabla hata ya kuketi. "Mwaondoka mwatuacha na salamu mdomoni, kama watu msiojuana nasi?"

"Sisi?" Shangazi aliruka. "Nyinyi ndio mlioondoka! Wallahi nimewaona kwa mato yangu!"

"Na mimi nimewaona nyinyi kwa yangu!"

Maalim akacheka hata kikombe kikatikisika. Akamuuliza Shangazi, "Ulipoliona gari lao likienda, uliiona nguzo yoyote ya stesheni?"

"Nione nguzo ya nini? Niliona gari lao."

"Nawe, mama Salim?"

Naye alikuwa ameona gari letu tu.

Hapo Maalim akatueleza. Alisema zamani sana Mhindi mmoja mjuzi wa nyota aliandika kwamba mtu aliye ndani ya mashua iendayo mbele huviona vitu vya ufukoni vikirudi nyuma, na huenda nyota nazo zaonekana kwenda magharibi kwa sababu sisi ndio tunaozunguka. Karne nyingi baadaye Mtaliana mmoja akasema: jifungie chumba cha chini cha meli, pamoja na vipepeo na chupa inayodondosha maji. Meli ikienda sawasawa bila kuyumba, vipepeo wataruka vilevile na tone litaanguka palepale. Humo ndani hakuna kitakachokwambia kama unakwenda au umesimama.

"Na vipepeo aliwapeleka melini kufanya nini?" Shangazi aliuliza, jicho moja amelifinya. "Maalim, hukuhongwa wewe na watu wa Likoni?"

"Sikuhongwa. Nakwambia, mwendo hauna maana mpaka useme unatazama kutoka wapi. Magari mawili peke yake hayawezi kuamua nani ameondoka."

"Basi tukaiulize nguzo."

"Nguzo itakuamulia mambo ya stesheni. Lakini nayo imesimama juu ya ardhi, na ardhi yenyewe haijatulia."

Shangazi akamtazama kilemba kuona kama kimekaa sawa. Lakini mama Salim alikuwa ameshaanza kucheka, akamshika mkono, na wale wanawake wawili wakaagana hapo hapo, kila mmoja akimuaga mwenziwe kwa safari ya Changamwe. Nilitoka nyuma ya pazia machozi hayajakauka, nikaambiwa nipike kahawa nyingine.

Mwanangu, sikukatazi kushuku. Dunia hii yataka macho. Lakini ukimuona mtu anakwenda mbali nawe, mume, rafiki au ndugu, kabla hujamhukumu tafuta nguzo ya kutazamia. Jishuku wewe kwanza, huenda gari lako ndilo lililoanza kwenda nawe hukusikia.

Salim wangu alifariki usingizini mwaka jana. Watu waja hapa kunipa pole, wasema ameondoka. Mimi siwaamini. Miaka yote ya ndoa yetu hakutoka mlangoni hata kwenda sokoni bila kuniaga, na usiku ule hakuniaga. Basi yeye yuko palepale. Ninayekwenda ni mimi.

Mungu akupe safari ya kheri, mwanangu, na kila unayempenda ajaaliwe kukuaga.