Mgongo wa Mama

Juzi, kwenye kituo cha mabasi cha Nyabugogo, niliona polisi wakimpiga virungu kijana aliyechanganyikiwa akili. Nikamkumbuka Mjomba Yusufu, mdogo wake mama, ambaye mama alimlea mgongoni tangu mchanga.

Nilikuwa mtoto bado. Mchana ule mtaa wetu wa Gikondo ulinuka oili chafu na bati lililochomelewa. Mjomba alisimama mbele ya gereji ameinua spana kubwa, akiwafokea watu tusiowaona. Polisi wawili walimwelekezea bunduki. Mama akaja mbio, akaingia katikati yao.

"Mama, toka hapo! Tutapiga risasi!"

Mama hakutoka. Alifungua kitenge chake, akampa mjomba mgongo na kuinama, kama unavyomwinamia mtoto apande.

"Yusu, njoo nikubebe twende nyumbani."

"Jitu zima lile? Utavunjika kiuno!" fundi mmoja akacheka.

Spana ikaanguka. Mjomba akajilaza mgongoni kwake akilia, wakaondoka hivyo, miguu yake ikiburuzika vumbini. Polisi wakapisha. Mimi nilistaajabia ule uzito, nikaamini hakuna mwenye nguvu kama mama.

Sasa mama hayupo, na wadogo zangu nawalea mimi. Ndipo nimeelewa kwamba alipompa mdogo wake mgongo, zile bunduki alizipa kifua.