Ngamia wa Shingo ya Kulia

Jirani yangu hapa Bulla Pesa hushona mablanketi ya viraka ya kutundikwa ukutani, na kila kitambaa hukipaka rangi mwenyewe. Mihuri yake ya kugongea michoro kwenye vitambaa huichonga kwenye soli za patipati kuukuu. Kabla ya kugonga huupulizia muhuri taratibu, kama mtu anayepoza chai, na kucha zake zina bluu isiyosikia sabuni.

Juzi mzee mmoja wa Sericho, mgeni wa ploti yetu, alisimama mbele ya blanketi ambalo jirani yangu alilishona kwa miezi minne, lenye ngamia kumi na mmoja, kila mmoja na alama ya ukoo unaommiliki.

"Mama, alama hii ni yetu," akasema. "Lakini sisi huichoma shingoni, upande wa kulia. Ikiwa kushoto, kama hapa, huyo ni ngamia wa watu wengine."

Mimi nilicheka. Mteja wa Nairobi alikuwa anakuja kulichukua saa nane, na shingo za ngamia hazimhusu. Jirani yangu alivuta kigoda, akachukua mkasi, akaanza kukifumua kiraka cha ngamia yule.

"Kaa unywe chai, mzee," akasema bila kuinua macho. "Nikimaliza utaniambia kama ngamia wenu amerudi nyumbani."