Mama Cherehani na Mzunguko wa Makufuli

Kama kuna mtu aliyeapa kwamba miguu yake imeshamaliza safari za dunia hii, basi ni Mama Cherehani. Maisha yake yote alikaa nyuma ya cherehani, akishona sare za shule na kupunguza suruali za watu, na kazi ya kukaa ina malipo yake: magoti yalivimba, kiuno kikakaza. Wa kutembea alikuwa mumewe, mlinzi wa usiku wa maduka ya mtaani kwao. Mume alipofariki, mama akahamia kwenye kiti cha plastiki kando ya dirisha, na hata kwenda bafuni akawa anashika ukuta. Daktari akamwambia atembee kila siku. Naye akamuuliza kwa upole, maana ana adabu zake, atembee aende wapi? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na daktari mwenyewe alikuwa kijana mwenye magoti mapya.

Lakini marehemu alikuwa ameacha mbwa. Jina lake Zamu, dume kubwa lenye sikio lililokatika ncha na ukaidi usio na dawa. Mama hakumpenda. Kwake yeye mbwa alikuwa kitu cha mume, kama koti na tochi, tofauti ni kwamba koti halili. Na kila alfajiri mbwa huyo alilia na kukwaruza mlango mpaka majirani wakagonga ukuta. Siku moja mama akachoka, akavaa sweta, akachukua fimbo yake, akatoka naye. Alikusudia kumfikisha kwenye kona tu, ajisaidie, warudi.

Kwenye kona pana duka la dawa. Zamu akafika mbele ya mlango wake wa chuma, akaketi. Mama akavuta kamba, wapi. Akabembeleza, akatukana kidogo, wapi. Mwishowe akashika kufuli ili asianguke, kufuli likagonga chuma, na Zamu akainuka papo hapo, akaenda kuketi mbele ya bucha. Hapo ndipo mama alipoelewa. Hivi ndivyo mumewe alivyokuwa akimaliza kazi kila asubuhi: anatikisa kufuli moja baada ya jingine, kuhakikisha yote yamefungwa, ndipo arudi nyumbani. Mbwa bado alikuwa kazini. Hakuna aliyemwambia kuwa bosi wake amefariki. Mama akalia pale pale barabarani, akajifuta kwa mkono wa sweta, kisha akatikisa kufuli la bucha.

Siku hiyo hawakufika mbali. Alirudi magoti yakiwaka moto, na Zamu akamfuata shingo upande. Kesho yake mlango ukakwaruzwa tena. Polepole wakafika kwa kinyozi, wakafika saluni, hadi mama akawa anauzunguka mtaa mzima, fimbo ameisahau nyuma ya mlango, na chai ya asubuhi anainywa kwa njaa ya kweli. Kiti cha dirishani kikawa cha kuwekea nguo za kupiga pasi.

Watu nao wana macho, na midomo. Wakamwona mjane akizunguka alfajiri na kutikisa makufuli ya wenzake. Mbwa hawakumhesabu, waliona wazimu tu. Mwenye bucha, ambaye kwa kweli hakuwa na nia mbaya, akampigia simu mtoto wa pekee wa marehemu, karani katika mji mwingine, akamwambia majonzi yamempanda mama yake kichwani.

Mwana akaja na begi tupu. Alikuwa mtoto mwema, ila wema wake ulikuwa na haraka. Yote alikuwa ameshayapanga: mama atahamia kwake, ghorofa ya nne, na kwa kuwa mwenye nyumba hataki wanyama, Zamu atapewa fundi magari wa mtaa wa pili. Mama akaeleza kwamba si yeye, ni mbwa ndiye anayetaka makufuli yatikiswe. Mwana akamtazama kwa huruma iliyouma kuliko kofi, na hapo mama akajisikia mwenyewe maneno yake yalivyokaa vibaya. Alikiona kiti kingine kando ya dirisha jingine, huko juu, kikimsubiri.

Alfajiri mwana akamfunga Zamu kamba, akatoka naye. Mama alibaki jikoni, kuaga hakuweza. Hata kikombe hakijakauka akasikia jina la mbwa likiitwa barabarani, kwanza kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa kusihi. Akachungulia. Zamu ameketi mbele ya duka la dawa, na karani wa watu ameegemea nyuma anavuta kamba kwa mikono miwili. Mfagiaji wa barabara ameacha kazi anatazama. Mwana akajaribu kumbeba, akaishia kukaa chini, suruali ya ofisini vumbi tupu.

Mama akatoka bila fimbo. Akatikisa kufuli, Zamu akainuka, akaenda kuketi mbele ya bucha. Mama akatikisa la bucha. Kwa kinyozi, hivyo hivyo. Mwana akawafuata nyuma, na walipofika saluni ni yeye aliyekuwa anahema.

"Mama, baba alikuwa anafanya hivi?"

"Kila asubuhi. Wewe ulikuwa umelala."

"Na magoti?"

"Yanauma, lakini yanakwenda."

Mwana akaketi kwenye ngazi ya saluni, akafunika uso. Akasema tangu simu ile hajapata usingizi. Baba ameshamzika, na alidhani sasa anampoteza mama akiwa hai. Mama akamshika bega, akauliza lile lililokuwa likimsumbua tangu jana.

"Kwa hiyo sihami?"

"Uhame uende wapi, mama? Ngazi za kule zinanishinda hata mimi."

Mama akashusha pumzi. Zamu hakuwa na muda na machozi ya watu. Alishaketi mbele ya duka la mwisho, la mabati na misumari, anawatazama. Safari hii mama hakusogea. Mwana akaelewa, akajifuta, akaenda akalishika kufuli na kulitikisa kwa nguvu.

"Limefungwa?" mama akauliza.

"Limefungwa, mama."

Zamu akainuka, akashika njia ya nyumbani.