Kidonda Nilichokificha Ndani ya Gambuti

Mnaoniona hapa nimesimama kwa miguu miwili, naomba mnisikilize habari za huu wa kushoto. Nitasema mambo ambayo mke wa mtu na mzee wa kanisa hapendi kuyasema mbele za watu. Lakini kuficha ndiko kulikotaka kuniondolea mguu, kwa hiyo leo sifichi.

Kabla ya kuumia nilikuwa bibi shamba wa Kiruruma kwa miaka kumi na moja, na katika kata nzima nilikuwa mwanamke pekee anayeendesha pikipiki. Nilipopita kwenye mashamba ya kahawa na migomba, watoto walikimbia kando ya njia wakiita, "Bibi Shamba! Bibi Shamba!" Nilijifanya sisikii. Mume wangu Projestus, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alinitania kwamba nikikuta njia haina watu nageuza nipite kwenye watu. Hakukosea sana.

Halafu akaja Koku. Afisa mifugo mpya, binti wa Muleba, miaka ishirini na saba, na pikipiki mpya ya ofisi wakati yangu ilikuwa haiwaki mpaka isukumwe. Sasa sikilizeni kilichoniuma. Stashahada yake na yangu ni za ngazi moja. Mimi baada ya miaka kumi na moja naitwa Bibi Shamba. Yeye, wiki ya kwanza tu, wakamwita Daktari. Kwa kuchoma ng'ombe sindano! Nilikuwa narudi nyumbani napika ndizi huku nabamiza vifuniko vya sufuria, na Projestus akiuliza kuna nini, nasema hakuna kitu. Kilikuwepo. Nilikuwa na wivu uliokuwa unaninyima usingizi.

Likaja tangazo la mashindano ya pikipiki kubwa kwenye matope, ndani ya msitu wa misonobari upande wa Kyerwa, ukishapita Mabira. Waandaaji walikuwa wafanyabiashara kutoka Bukoba, wenye mapikipiki mazito ya matairi ya meno, na walisema watawaazima wenyeji wachache wanaojua kuendesha. Karatasi ya majina ilibandikwa ofisi ya kata. Nilipoona Koku amejiandikisha, nikaandika jina langu juu ya lake, maana palikuwa na kanafasi.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Njia ilikuwa matope mekundu yanayofika magotini. Mwandaaji mmoja akatukusanya akatuambia, "Hizi pikipiki si za kubebea ndizi. Ikianguka, iachie ianguke. Usiizuie kwa mguu hata siku moja." Nilimsikia vizuri. Koku akaja amevaa mabuti magumu ya vifungo vya chuma, na mkononi ana vikinga vya ugoko.

"Shikamoo, dada. Vaa hivi, nimekuazimia kwa binamu yangu."

"Marahaba," nikamjibu kwa sauti ili wengine wasikie. "Mimi naendesha na gambuti langu miaka kumi na moja."

Akina mama wa kikundi cha kahawa wakanipigia vigelegele. Koku akavirudisha kwenye mfuko wake.

Nilianguka kwenye mteremko wa pili, unaoshuka kwenye kijito. Tairi la nyuma liliteleza, na mimi nikafanya nilichozoea kufanya. Kazini nabeba miche ya kahawa nyuma ya pikipiki, na siku zote ikiteleza natupa mguu chini haraka ili miche isimwagike. Kwa pikipiki yangu ndogo inatosha. Hii nyingine ilikuja yote juu ya mguu, na chini ya mguu palikuwa na kisiki cha msonobari. Kisiki kilipita kwenye mpira wa gambuti, kikapita kwenye nyama, kikagota kwenye mfupa. Mlio wake niliusikia kichwani. Walinzi wawili wa njia wakainyanyua pikipiki, na nilipovuta mguu nikahisi gambuti linajaa kitu cha moto. Ilikuwa damu.

Walinzi wakaniambia, "Kaa chini, mama." Nikawaambia waniwashie.

Sikuuwaza mguu. Niliwaza kwamba Koku yuko nyuma yangu na hajanipita bado. Nikaendesha njia yote iliyobaki nimeuma meno, tope limeziba kioo cha helmeti, na nikamaliza mbele yake. Mimi nilikuwa wa tisa, yeye wa kumi. Tulikuwa kumi na moja, na wa kumi na moja injini yake ilizimikia kijitoni. Mnacheka. Chekeni tu, lakini siku ile nilijiona nimechukua kombe. Projestus alinipokea na mwavuli, wakulima wangu wakanizunguka, tukapiga picha. Gambuti sikulivua.

Nilivua nyumbani, bafuni, peke yangu. Katikati ya ugoko palikuwa na shimo linaloingia kidole, limejaa tope, na ndani nikaona kitu cheupe. Nikanawa kwa maji ya vuguvugu na chumvi, nikakamulia majani machungu ya mubirizi kama tunavyokamulia kila kitu, nikafunga kwa kipande cha kitenge. Projestus nilimwambia ni michubuko. Zahanati sikwenda. Nesi angesema, na Koku angesikia kwamba mshindi wake anachechemea.

Jumatatu nikaenda kazini na gambuti jingine, zima. Jumanne tukawa na kikao ofisi ya kata. Tulipokaa kidogo, mtendaji wa kata akaanza kunusa. "Kuna panya kafia humu," akasema. Wanaume wawili wakasogeza kabati. Hakuna panya. Wakafungua madirisha, harufu ikabaki. Mimi nilikuwa nimeingiza mguu chini ya kiti, jasho linanitoka.

Koku akaniangalia. Akasema polepole, "Hii si panya. Nimefungua kwato nyingi zilizooza, harufu hii naijua. Dada, vua gambuti nikuone."

Watu wakaangua kicheko, wakidhani ni utani. Yeye hakucheka.

"Mimi si ng'ombe wako, Daktari," nikamwambia. Nikachukua helmeti yangu nikaondoka. Kama ningelivua pale, mengi yanayofuata nisingekuwa nayo ya kuwasimulia.

Jumatano nilishindwa kuamka. Homa ilinitetemesha mpaka kitanda kikalia, mtoki ukavimba kwenye nyonga, na nilikuwa nimelala na gambuti mguuni kwa sababu jana yake lilikataa kutoka. Projestus akalichana kwa kisu cha kumenyea ndizi. Lilipofunguka alitoka nje akatapika, akarudi akaniangalia. "Mke wangu, hii ndiyo michubuko?" Tukakodi gari.

Hospitali, daktari mmoja mpole wa sauti akaubonyeza mguu, ukatoka usaha wa kijani. Nyama pembeni ilikuwa imegeuka nyeusi. Akasema, "Umefika na mguu, mama. Ungefika Jumamosi tungekuwa na mazungumzo mengine." Wakanichoma sindano ya pepopunda, wakaniingiza chumba cha upasuaji, wakakata nyama yote iliyokufa. Kila asubuhi baada ya hapo nesi alivuta bandeji iliyokuwa imeingizwa ndani ya shimo, na mimi niliuma pindo la kanga. Nimezaa watoto watatu. Ile bandeji ilikuwa mbaya zaidi.

Lakini kilichonitesa mchana kutwa hakikuwa bandeji. Koku alikuja kunitembelea na kibuyu cha maziwa. Akaniambia, kwa nia njema, kwamba akimaliza ng'ombe wake anapita kwa wakulima wangu ili miche isikauke. Wiki iliyofuata wakaja wakulima wenyewe. "Daktari katuonyesha kupogoa kahawa, Bibi Shamba, anaelewesha vizuri huyo!" Nikageukia ukutani nikalia. Nesi akadhani ni maumivu, akaniletea kidonge. Faraja yangu ilikuwa moja tu: pamoja na yote, nilimshinda. Wodi nzima waliijua hadithi ya nafasi ya tisa, na kila mgonjwa mpya aliyelazwa alisimuliwa kabla hajatandika shuka.

Wiki ya tano usaha ulikuwa bado unatoka. Wakapiga picha ya mfupa. Daktari akaniketisha akasema usaha umeingia kwenye mfupa. Inabidi wafungue tena, wakwangue mfupa, wachukue ngozi ya paja wazibe shimo. "Utakaa nasi kama miezi miwili mingine."

Miezi miwili! Nikaona Koku anazunguka kwenye mashamba yangu, watoto wanakimbia kando ya njia wakiita jina jingine. Nikasema, "Niruhusuni. Nitatibiwa nikiwa nyumbani."

"Ukitoka na mfupa huu utarudi," daktari akasema, "na siku hiyo nitakata hapa." Akaweka kidole chini ya goti langu.

Projestus alinibembeleza mpaka akakasirika. Nikashikilia kwamba wakulima wananihitaji. Ilikuwa uongo, na hata yeye alijua. Nikataka karatasi nitie sahihi, niondoke Ijumaa.

Ijumaa asubuhi nimeshafunga vitu vyangu, nasubiri karatasi, Projestus akaleta kitu nilichokuwa nimemsumbua siku nyingi akitafute. Mama mmoja wa kikundi cha kahawa alikuwa amerekodi mashindano kwa simu pale kwenye mteremko. Nikafurahi mno. Nikawaita wagonjwa wenzangu wanaoweza kutembea, nikamwita na nesi. "Njooni mwone nilivyomwacha!"

Tukaangalia. Nikajiona naanguka. Nikaona walinzi wananyanyua pikipiki. Na juu yangu kidogo, hatua kama thelathini, Koku amefika na amesimama. Njia pale ni pana. Angeweza kunipita mara mbili. Alikuwa amekanyaga chini miguu yote, anaangalia mguu wangu. Sauti ya yule mama anayerekodi ikasikika: "Daktari, mpite! Mpite huyo, kaanguka!"

Koku akajibu, na kila mtu wodini alisikia. "Ana damu kwenye gambuti. Nikimpita akaanguka tena huko mbele, nani atamwona?"

Akangoja mpaka nilipoondoka. Ndipo akashuka, taratibu, nyuma yangu. Video ikaishia hapo.

Bibi mmoja wa kitanda cha jirani akasema, "Kumbe," akarudi kitandani kwake. Mimi nilishika ile simu nisijue niiweke wapi. Nafasi ya tisa ilikuwa imeondoka. Na nawaambia kweli, wivu nilioona dakika ile ulizidi wote wa nyuma. Nilikuwa nimeona wivu wa pikipiki yake, wa ujana wake, wa kuitwa Daktari. Sasa niliona wivu wa moyo wake. Niliutaka uwe wangu.

Nikawaza: huyu alikubali kuwa wa kumi kwa ajili ya mguu wangu, na mimi mwenye mguu nashindwa kulala kitandani miezi miwili? Daktari alipokuja na karatasi ya kuniruhusu nikamwambia aniletee ile ya upasuaji.

Wakafungua, wakakwangua, wakatoa kipande cha mfupa kilichokufa kama punje ya harage. Paja lililochunwa ngozi liliwaka kuliko mguu wenyewe. Nilijifunza kutembea upya kwa magongo, kutoka kitandani hadi mlangoni, nikiwa nimelowa jasho, na Koku akija alinishika kiuno upande mmoja. "Mpola, dada, polepole," alikuwa akiniambia. Nilimwacha anishike. Shimo lilifunga. Leo lina kovu la bonde, na mvua ikikaribia linaniuma, lakini mguu ni wangu na pikipiki naendesha. Kwa buti gumu.

Namshukuru Mungu, ambaye sikustahili uvumilivu wake. Namshukuru Projestus, yule daktari na wale manesi. Nanyi mnaofanya kazi shambani, mkichomwa na kisiki au jembe, msikamulie majani mkanyamaza. Nendeni zahanati siku hiyo hiyo, mpate sindano ya pepopunda. Kidonda kikinuka, mwonyeshe hata mtu usiyempenda. Na daktari akikwambia kaa, kaa, hata kama kazini kwako kuna anayesifiwa kuliko wewe.

Koku hayupo leo, yuko Kituntu kwenye chanjo ya ng'ombe, na ameniruhusu niseme yote. Jambo la mwisho ni lake. Nilipopona nilimwalika nyumbani nikampikia, nikamwungamia wivu wangu tangu karatasi ya majina hadi wodini. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia, "Mimi ndivyo nilivyo. Wewe mwenzangu huujui wivu."

"Nani kakwambia?" akasema. "Tulipofika mwisho wa njia, watu wote walikuwa wanakuita wewe. Mume wako yuko na mwavuli. Mimi nilivua helmeti, hakukuwa na hata mtu mmoja wa kunipa pole. Na nilijua itakuwa hivyo tangu mwanzo. Nilikuonea wivu njia nzima, dada. Ila damu nayo nilikuwa naiona."