Kwa nini ng'ombe wa mama aliogopa maji

Habarini wakuu, na shikamooni wakubwa mliomo humu. Hii ni ya kwetu Tumati, Mbulu. Nilikuwepo, siongezi chumvi.

Mama ana ng'ombe mmoja wa maziwa, Malkia. Alimlea kwa chupa tangu akiwa ndama.

Ghafla Malkia akagoma kunywa maji kwenye birika la bati. Ananusa, anaruka nyuma, anatetemeka. Maziwa yakapungua, mbavu zikaanza kuonekana.

Jirani akasema, "Huyo katupiwa jicho. Mpelekeni mnadani Dongobesh kabla hajawafia."

Mama akakubali huku machozi yanamtoka.

Mimi nilitia mkono birikani, sikusikia kitu. Nimevaa gambuti lakini (kumbukeni hapo).

Roho ikakataa. Birika linajazwa na pampu ya umeme, nikampigia fundi, dada mmoja wa Dongobesh.

"Zima main switch sasa hivi! Na usiguse tena hilo birika!"

Akaja na pikipiki. Akazunguka banda, akasimama.

"Nani kafunga ndama hapa?"

"Mimi," mama akajibu. "Si kigingi hicho?"

"Mama yangu, hiyo ndiyo ethi!"

Kumbe kile kigingi ni nondo ya shaba iliyochimbiwa chini kupeleka umeme unaovuja ardhini! Ndama wa Malkia kavuta kamba weee, mpaka waya uliofungwa kwenye nondo umechomoka.

Pampu ilikuwa inavujisha umeme. Mwanzo ulishuka na ule waya ukaishia ardhini. Waya ulipotoka, ukafuata bomba la chuma hadi birikani. Sisi tuna gambuti. Malkia yuko peku kwenye tope, pua ndani ya maji. Shoti zote zake.

Nikachomekea, "Dada, hata spika zangu za kutengenezea biti siku hizi zinanguruma."

"Inawezekana ni hiyohiyo. Kwenye muziki ethi inatuliza kelele. Kwenye mnara inashusha radi. Hapa inalinda roho. Udongo ni huuhuu, mdogo wangu."

Wakuu, niliinama nikautazama ule udongo wenye samadi, ninaoukanyaga kila siku. Radi nzima inaingia humo inanyamaza!

Fundi akatengeneza pampu, akafunga waya, akapima kote. Salama.

Malkia hakusogea.

Mama akavua gambuti. Akasimama peku topeni, akazamisha mikono yote miwili birikani, akamwita jina lake taratibu.

Malkia akaja. Akainusa ile mikono. Akanywa mpaka birika likabaki tope.

Nilichojifunza: mnyama akigoma, msikimbilie mnadani, kagueni ethi kwanza. Na kigingi cha ndama chimbeni kingine!

Mafundi, ethi ina kazi gani nyingine? Mwageni elimu, nimekaa kwenye ndoo hapa bandani nasoma.