Amelala

Mabruka binti Abdelrahim hakuwahi kusoma ujumbe hewani jinsi ulivyoandikwa. Aliufua kwanza. "Wakuje" ikawa "waje," "ako" ikawa "yuko," na "ile kitabu imepotea" ikatoka kinywani mwake ikiwa "kile kitabu kilichopotea." Shivachi, fundi wa mitambo pale redioni, alimtania kila siku. "Mama Leila, umeufua mpaka rangi imetoka!"

"Bora ufifie kuliko unuke," Mabruka alimjibu, na kalamu yake nyekundu haikusimama.

Redio yenyewe ilikuwa chumba kimoja ghorofani kilichogawanywa kwa kioo, upande wa Olympic pale Kibera, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, na dirisha halifunguliwi kwa sababu ya honi za bodaboda. Saa kumi jioni ilikuwa saa yake. Vitambulisho vilivyookotwa, mikutano ya vyama, watoto waliopotea, waliofariki, vyote vilipitia mdomoni mwake. Kibera nzima ilimsikiliza, na hata ng'ambo kule Kawangware, maana mawimbi yalifika hadi mtaa wa Gatina siku ambazo stima haikupotea. Akina mama waliozoea kubishana juu ya kila kitu hawakubishana juu ya jambo lililosemwa na Mabruka.

Ni maringo? Ndiyo, maringo yalikuwepo, tena ya kutosha, sitamtetea. Lakini yalikuwa na yalikotoka. Nyumbani kwao Kambi Muru, kijiji cha Wanubi humohumo Kibera, walizungumza Kinubi, na Kiswahili sanifu baba yake alikichota redioni. Taarifa ya habari ilipoanza, hata kijiko kilikatazwa kugonga sahani. Mzee Abdelrahim aliyafuatiza maneno ya mtangazaji kwa sauti ya chini, midomo ikicheza kama mtu anayesali. Wanubi, kizazi cha askari walioletwa zamani kutoka Sudan, walipokwenda kuomba vitambulisho waliulizwa maswali ambayo jirani zao hawakuulizwa: babu yako alitoka wapi, mlifika hapa lini. Abdelrahim, aliyezaliwa katika nyumba ileile aliyokuja kufia, alisimama mbele ya meza akajibu yote kwa Kiswahili kisicho na doa. Karani akakosa pa kushika.

"Binti yangu," alimwambia Mabruka walipotoka nje, "wakipata kosa kwenye ulimi wako watasema wewe si wa hapa." Mabruka alikuwa na miaka tisa, na neno hilo lilimkaa rohoni miaka yote. Sasa ana hamsini na mbili.

Basi Alhamisi moja, dakika nne kabla ya saa kumi, ujumbe ukaingia kwenye simu ya redio:

"Sasa. Guka yangu Ng'ang'a wa Gatina amelala hosi tangu Jumanne. Watu wa fellowship wakuje kwetu leo jioni tuombe. Ni mimi Wangeci."

Pale redioni kulikuwa na sharti moja: tangazo la kifo hupigiwa simu kwanza. Shivachi ndiye aliyelikumbuka. "Huyu tumpigie?"

"Amelala, Shivachi. Tangu Jumanne. Na maombi ni nyumbani. Unataka nimuulize nini mtoto aliyefiwa na babu yake? Anililie hapa?"

Shivachi akarudi kwenye mitambo yake. Nani angebishana na Mabruka juu ya neno la Kiswahili? Mabruka alijua kwamba watu wa kanisa hawasemi fulani amekufa, husema amelala. Alichokataa kukijua miaka yote hiyo ni kwamba vijana wa Nairobi hulitumia neno hilohilo kwa mgonjwa aliyelazwa. Amelazwa, amelala, kwa Wangeci yote yalikuwa mamoja: guka yuko kitandani, hospitali, aombewe.

Mabruka akaufua ujumbe, akawasha maiki. "Kwa masikitiko makubwa tunawatangazia kwamba Mzee Ng'ang'a wa Gatina alitutoka siku ya Jumanne akiwa hospitalini. Maombi yatafanyika nyumbani kwake jioni ya leo." Taarifa hiyo aliisoma vizuri, akatua panapostahili kutua, sauti imejaa heshima. Baadaye hilo ndilo lililomchoma kuliko yote, kwamba aliisoma vizuri hivyo.

Kesho yake asubuhi simu ikalia.

"Auntie, ni nyinyi mlisema guka amekufa?" Msichana alikuwa akilia kwa kwikwi. "Guka ako hai! Nimetoka kwake saa hii. Amekunywa uji, nusu akaimwaga kwa shuka!"

Mabruka akaketi juu ya kasha la vifaa, akasema alichoweza kusema: kwamba wangesahihisha siku hiyohiyo, saa kumi, yeye mwenyewe.

"Saa kumi itasaidia nini? Cucu amezima redio, amesema hataki kuisikia tena." Kisha Wangeci akaeleza, na alivyozidi kueleza ndivyo Mabruka alivyozidi kuinama. Cucu, yaani bibi yake aliyeitwa Beth, alikuwa amekataa katakata kwenda hospitali. Miaka sita nyuma mwanawe Antony aligongwa na gari, na watu wakamwambia ni mgonjwa tu, amelazwa, twende ukamwone. Wakamvalisha sweta, wakamshika mkono huku na huku. Gari walilompakia likapita wodi zote, likasimama mbele ya mochari.

Tuseme ukweli, hivyo ndivyo sote tunavyofanya. Tunaogopa kumwambia mtu kwamba mwenzake amekufa, kwa hiyo tunasema ni mgonjwa kidogo, na tunaita huo uongo huruma. Sasa Beth amesikia redioni kwamba mumewe amefariki, na wajukuu wanamwambia ni mgonjwa tu, twende ukamwone. Wewe ungeamini nani?

"Daktari anasema roho yake imechoka, anaweza enda siku yoyote," Wangeci akamalizia. "Na guka anauliza kitu moja tu. Beth ako wapi. Ata mimi sijui nimwambie nini."

"Nielekeze kwenu," Mabruka akasema.

Ploti ya Ng'ang'a ilikuwa karibu na kanisa, ghorofa mbili za vyumba vya kupanga na nyumba ya mwenyewe chini. Kabla hajabisha hodi, Mabruka aliona matunda ya kazi yake. Viti vya plastiki vya kanisa vilikuwa vimepangwa uani tangu jana jioni, maana watu waliiamini redio kuliko wajukuu. Wapangaji walikuwa wameanua nguo zao kwenye kamba kwa heshima ya msiba. Mama mmoja alikoroga chai katika sufuria kubwa, akampa pole bila hata kumuuliza ni nani. Ya Rabi, mtu yu hai na chai ya matanga inachemka! Mabruka alitamani ardhi immeze.

Beth alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, leso imefungwa kichwani hadi kwenye nyusi, macho makavu. Hakuinua kichwa mpaka aliposikia sauti.

"Hamjambo humu ndani. Mama, mimi naitwa Mabruka."

"Ni wewe," Beth akasema. Aliijua sauti ile kuliko sura za wapangaji wake.

Mabruka akapiga magoti pale sakafuni, akaanza. Njiani hakuwa ameyapanga maneno hayo, lakini yalikuja yenyewe, safi, yamenyooka. "Nimekuja kukuomba radhi. Taarifa niliyoisoma jana haikuwa sahihi. Mume wako yu hai, na anaendelea kupata matibabu."

"Hivyo ndivyo ulisema jana," Beth akajibu taratibu. "Maneno mazuri hivyohivyo. Wale wa Antony pia walikuwa na maneno mazuri." Akamgeuzia uso. "Mimi nimezika mtoto. Usiniletee redio hapa kwa nyumba yangu. Sema kama mtu."

Mabruka akaanza sentensi nyingine ya redio, akaiacha njiani. Hebu fikiria, mama wa miaka hamsini na mbili, kazi yake kusema, na hana la kusema! Alimwona baba yake mbele ya ile meza, amenyooka, hakosei. Akamwona na karani anayengoja kosa. Lakini chumbani humo hapakuwa na karani. Palikuwa na mke wa mtu.

"Mama, nilikosea," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya saa kumi. "Hakuna mtu aliniambia mzee amekufa. Wangeci aliandika amelala hosi, na mimi nikajifanya najua. Waliniambia nipige simu, nikakataa. Ni kiburi tu. Mzee ako. Ako hai, mama. Asubuhi amekunywa uji, nusu akaimwaga kwa shuka. Anauliza Beth ako wapi."

Beth akaisogeza leso kutoka kwenye nyusi.

"Ameimwaga?"

"Kwa shuka."

"Anakunywanga kama amelala chali," Beth akasema, na hapo ndipo machozi yalipotoka. "Miaka arobaini namwambia, Ng'ang'a, kaa kitako, Ng'ang'a, utajimwagia. Hasikii!" Akainama kutafuta viatu chini ya kitanda. Wangeci, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakimbilia sweta kwenye msumari. "Hiyo wacha," bibi yake akamwambia. "Sweta sitaki."

Beth hakumwachilia Mabruka mkono hadi hospitali. Kwenye korido ndefu alisimama mara mbili, akauliza ni upande gani, akajibiwa, akaendelea. Mlangoni mwa wodi vidole vyake vilibana hadi Mabruka akahisi mifupa. Halafu mzee aliyekuwa kitanda cha tatu akakohoa, akasema kwa Kikuyu kitu ambacho Mabruka hakukielewa, na mkono ule ukamwachia. Mabruka akageuka akaenda zake. Saa kumi jioni alisahihisha taarifa, akataja kosa kuwa ni lake.

Jumatano iliyofuata ujumbe ukaingia. "Auntie, guka amelala. Leo asubuhi."

Safari hii hakungoja Shivachi. Alipiga simu, na aliyepokea alikuwa Beth.

"Mama, ni Mabruka. Wangeci ameniandikia amelala."

"Saa hii ni kweli. Nilikuwa nimemshika mkono."

"Pole, mama. Pole sana." Mabruka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nitangaze vipi?"

"Vile mtoto ameandika. Usiguse."

Saa kumi ilipogonga, karatasi ya Mabruka ilikuwa mezani bila alama hata moja nyekundu. Shivachi aliitazama kupitia kioo, kisha akamtazama mwenyewe, hakutania. Mabruka akawasha maiki.

"Mzee Ng'ang'a wa Gatina amelala, leo asubuhi. Mke wake Beth alikuwa na yeye. Jioni ni maombi kwao. Watu wakuje."