Sauti Nne za Baba Kwenye Diski Moja

Baba yangu alikuwa na sauti nne, na zote zilikuwa kwenye laptop yake ya zamani.

Hakuwahi kujifunza kuandika nota. Wimbo ukimjia, alikuwa anafunga mlango wa chumbani, anairekodi sauti ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu, mpaka besi, zote mwenyewe. Siku ya mazoezi anawafundisha wanakwaya wa parokia kwa mdomo. Sauti ya kwanza ni ya kina mama, kwa hiyo alikuwa analibana koo na kuimba kama mama. Hiyo aliionea aibu sana. Kwaya nzima hakuna aliyewahi kusikia ile rekodi. Mimi nilikuwa namsikia kwa sababu ukuta wetu haufiki kwenye bati, ila sikumwambia.

Mwaka jana aliugua koo, akafanyiwa upasuaji. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini sauti iliyorudi ni ya kukwaruza, ya chini mno. Ukikaa upande wa pili wa meza inabidi uiname ndipo umsikie. Kwaya akamwachia mwenzake. Jioni alikuwa anafungua laptop asikilize nyimbo zake, na laptop nayo ilishachoka. Windows ikianza kuwaka unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ukakuta bado inazungusha kale kaduara. Ikifunguka, inaganda. Baba anaitazama, anaifunga taratibu, anasema, "Basi."

Hilo "basi" lake ndilo lililonisukuma.

Mwalimu wetu wa kompyuta alinipa flashi yenye Linux. Nilimfuata baada ya kipindi, swali nimeliandika kiganjani nisije nikalisahau nikifika mbele yake. Alisema Linux inafanya kazi ile ile ya Windows, ila ni nyepesi, laptop ya zamani itaiweza.

"Lakini usiifute Windows," akaniambia. "Gawa diski. Upande mmoja ubaki na Windows na mafaili yake, mwingine uwe wa Linux. Kopi kila kitu kwanza. Halafu umeme usikatike katikati. Ukikatika wakati inapanga hiyo nafasi, unaweza kupoteza vyote."

Kukopi nilijaribu. Simu ya baba ilijaa nikiwa nimeingiza nyimbo chache tu, na flashi niliyonayo ni ile ile ya Linux. Nikamweleza baba ukweli wote, pamoja na hilo la kupoteza.

"Zikipotea siwezi kuziimba tena," alisema.

"Najua, baba."

"Na zikikaa humo hazifunguki, ni yale yale." Akanisogezea laptop. "Fanya."

Sasa umeme. Nyumba yetu, huku Lumemo, imepakana na mashine ya kukoboa mpunga. Mota yake ikianza tu, taa zetu zinafifia, na laptop, ambayo betri yake ilishakufa, inazima hapo hapo. Na ulikuwa msimu wa mavuno. Hata Jumapili watu wakitoka misa mashine inanguruma, na usiku umeme wenyewe ndio unapenda kukatika. Kwa hiyo ilibidi niende kuomba waizime. Mimi, ambaye nikitumwa chumvi dukani nasubiri kwanza wateja wote waondoke.

Jumamosi nikaenda. Kina mama walikuwa wamekaa juu ya magunia yao wakisubiri zamu. Nikasema shikamooni, mngurumo ukaimeza. Nikabaki nimesimama. Fundi wa mashine, mweupe kwa pumba mpaka kwenye kope, akaniona, akaizima.

"Mdogo wangu, umeleta mpunga?"

"Hapana."

"Umeleta nini sasa?"

"Laptop."

"Loo, mashine hii haikoboi laptop!"

Wakacheka wote. Nilitamani niingie ndani ya gunia. Mama mmoja mnene, wa kwaya, akawanyamazisha kwa mkono. "Mwacheni. Si binti wa mwalimu wetu huyu? Sema, mwanangu."

Nikaisemesha ndala yangu. Kwamba nagawa diski, nyimbo za baba ziko humo, mashine ikiwaka umeme unashuka na laptop inazima, na ikizima nyimbo zinaweza kupotea.

"Nyimbo zipi?"

"Zote. Hizo mnazoimba. Kaziimba mwenyewe, kabla ya koo."

Hakuna aliyecheka tena.

"Mimi wageni wangu wanasubiri wali," mmoja alinung'unika.

"Wape ugali, hawatakufa," akajibu yule mama wa kwaya. "Fundi, usiwashe mpaka huyu mtoto atokee pale mlangoni kwao."

"Sawa, mama. Bosi akija, utaongea naye wewe."

Nikarudi mbio. Baba alikuwa ameshaweka kiti chake kando ya changu. Nikachomeka flashi, na kwenye skrini diski ikaonekana kama kipande cha ubao mrefu, na katikati kuna alama unayoivuta. Ukiivuta huku, Windows inapungua, Linux inapata nafasi.

"Usiibane sana," baba alisema. "Iache ipumue."

Nikairudisha kidogo. Ikauliza kama nina uhakika. Sikuwa na uhakika. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, hakishuki. Baba akaweka chake juu yake, tukabonyeza pamoja.

Kamstari ka kijani kakatokea kuonyesha kazi imefika wapi, kakatembea, kakasimama, kakasimama muda mrefu. Nje kulikuwa na ukimya ambao sijawahi kuusikia nyumbani kwetu wakati wa mavuno. Kuku walikuwa wanadonoa mpunga kwenye maturubai, mtu anawafukuza. Baba alikuwa anapiga mapigo gotini kwa kidole, polepole, kama anaiongoza kwaya isiende mbio. Kamstari kakaanza tena.

Linux ilipowaka, ilifunguka kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Nikiwa humo humo kwenye Linux, nikaingia upande wa Windows, nikafungua folda ya nyimbo za baba. Nikampisha abonyeze mwenyewe.

Ikatoka sauti ya kwanza. Ya juu kabisa, ya kike, na sauti ya laptop ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho.

Baba alirusha mkono kuipunguza. Hakujua pa kubonyeza, na kwangu mimi huko kote kulikuwa kugeni. Kina mama kule mashineni wakatusikia kupitia dirishani.

"Mwalimu! Huyo mama anayeimba humo ndani ni nani?" Kicheko.

Baba akaitazama skrini. Kisha akarudisha mkono mapajani. "Waambie ni mimi," alisema, na hiyo niliisikia mimi peke yangu.

Nikaenda mlangoni. "Ni baba!" Ilitoka kwa nguvu mpaka nikashtuka. "Ni baba huyo, kabla hajaumwa!"

Wimbo ukaendelea kutoka ndani, na baada ya muda yule mama wa kwaya, akiwa bado juu ya gunia lake, akaishika sauti ya pili, chinichini, mwingine akamfuata. Nyuma yangu nikasikia kiti cha baba kikisogea karibu na dirisha.

Fundi alikuwa ameniona mlangoni, kama tulivyokubaliana, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye swichi.

"Niwashe?"

"Ngoja kwanza," nilimwambia. "Kuna beti nyingine."